Mgeni wa Jumba la Langoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba zenye milango na kuombana chumvi juu ya ua, palikuwa na bonde ambalo kila mtoto alilisikia kabla hajaota meno. Liliitwa Bonde la Tumbili. Tumbili walikuwa wamefunga bembea za kamba kwenye miti, wamechimba vidimbwi vya kurukia, na kubwa kuliko yote, wamesiriba kilima kizima kwa udongo wa mfinyanzi mpaka kikang'aa kama chungu kipya. Hicho ndicho kilichoitwa Mserereko. Unakaa kileleni, unajiachia, serereee, unatumbukia bwawani, chubwi.

Bonde lilifunguliwa baada ya mavuno. Mvua ya kwanza ikidondoka tu lilifungwa, maana udongo ule ulikatika vipande ukilowa.

Sasa, palikuwa na mama mmoja, Kifaru, na mwanawe wa pekee aliyeitwa Kipusa. Majirani walimwita yule mama kwa jina la mwanawe, Mama Kipusa, nasi tumwite hivyo hivyo. Ngozi yake ilikuwa nene kama mlango wa mninga, lakini neno la jirani liliipenya kama sindano kwenye kitenge.

Tumbili walikuwa na sharti moja kwa watoto wa vifaru. Mlangoni waliwapima pembe kwa kidole. Pembe ikizidi kidole cha tumbili, mtoto ni mzito, atabomoa kilima, arudi. Na pembe ya Kipusa ilikuwa inakua. Kila asubuhi mama yake aliipima kwa kijiti cha nyasi, akakisogeza, akapima tena. Mwaka huu ilikuwa bado. Mwakani ingekuwa imepita. Kipusa mwenyewe aliacha kula magome ya mgunga baada ya kusikia kwamba yanakuza pembe.

Waliokwenda bondeni walilala pa aina mbili. Ng'ambo ya kijito palikuwa na mabanda: unatoa kikapu cha mtama, unapewa mkeka na mafiga, unajipikia, na asubuhi unapanga foleni na wenzako. Lakini pembeni mwa lango lenyewe palikuwa na Jumba la Langoni, mali ya Nguchiro. Hapo unatoa kihenge kizima, mtama wa mwaka mzima, unapewa kitanda, uji wa tui, maji ya kuoga yenye mrehani, na unapita mlango wa ndani bila foleni.

Mzee Tembo alikuwa amelala pale mwaka uliopita. Aliporudi wakamuuliza, palikuwaje? Akasema ni peponi. Wakamuuliza, peponi vipi? Akasema mawingu ya mwaka huu yanatia shaka.

Mama Ngiri, jirani yake Mama Kipusa, alikuwa na watoto saba na hakuwa na haya. Alimwambia waziwazi kwamba yeye anakwenda mabandani. "Shoga, ukishafumba macho, kitanda cha samadari na mkeka ni giza lilelile."

Mama Kipusa alilifikiria sana neno hilo. Aliifikiria foleni, jinsi ilivyokuwa ndefu, na mvua, na pembe. Akajiambia kwamba anautoa mtama wake kwa ajili ya mtoto, asichelewe. Ilikuwa kweli. Ila palikuwa na jambo jingine chini ya ukweli huo: alitaka Mama Ngiri amwone anaingia Jumba la Langoni. Basi akakitoa kihenge.

Nguchiro aliwapokea mlangoni. Alikuwa mdogo, hakufika hata gotini pa Mama Kipusa, kofia ya kitambaa imekaa upande, macho hayatulii. Aliinama, akainuka, akazunguka mizigo mara mbili. Kisha akauliza swali dogo, kwa adabu kabisa.

"Samahani, mama yangu. Mmekuja kama wateja au kama wageni?"

Mama Kipusa akataka kujua tofauti.

"Mteja ni wa sokoni. Analipa, anatumia, anakwenda zake. Mgeni ni mgeni, mama. Mila unaijua kuliko mimi."

Wakati huo huo Mama Ngiri alikuwa anapita barabarani, mkeka kichwani, watoto saba nyuma mikia juu. Mama Kipusa akageuza uso kuelekea barabarani, akapaza sauti. "Mimi si wa sokoni. Mimi ni mgeni!"

"Wote mmesikia," akasema Nguchiro, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Siku ya kwanza, tusiseme uongo, palikuwa pazuri. Kitanda hakikulia. Uji ulikuwa na tui la kwanza, si lile la kukamuliwa mara ya tatu. Kipusa alikunywa kikombe kimoja akasema wakimbilie Mserereko. Mama yake akamwambia angoje, maji ya mrehani bado, na ameyalipia. Walipooga ukawa wakati wa kukandwa mgongo, na kukandwa nako kulikuwa ndani ya malipo ya kihenge. Kisha maandazi ya jioni. Jua likazama.

Siku ya pili ikawa vilevile. Mama Kipusa alikaa barazani akihakikisha kwamba kila alichokilipia anakipata, na hakuna alichokionea raha. Ng'ambo ya ukuta zilisikika sauti za watoto wa wengine. Serereee, chubwi. Kipusa alikaa karibu na ukuta, akiigiza kwa midomo kimyakimya.

"Kesho alfajiri," mama yake akamwahidi. "Kesho hatuogi."

Alfajiri hodi ikapigwa. Alikuwa Nguchiro, na badala ya uji alikuwa anakokota jembe lililomzidi urefu.

Mama Kipusa akauliza, hilo la nini?

"Ah, mama. Mila zako unaniuliza mimi? Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe."

"Lakini nimelipa kihenge kizima!"

"Anayelipa ni mteja. Nilikuuliza mlangoni, ukachagua mwenyewe, tena kwa sauti. Kihenge nilikipokea kama zawadi. Hawakusema wahenga, mgeni njoo mwenyeji apone? Basi mimi nimepona." Akaliegemeza jembe mlangoni. "Shamba liko nyuma. Ukilima mpaka kwenye ua wa mchongoma, mlango wa ndani uko wazi."

Mama Kipusa angeweza kumkanyaga. Lakini kumkanyaga mwenyeji kwa sababu amekupa jembe siku ya tatu, nani angekusikiliza? Aibu ingekuwa mbili. Akalichukua jembe.

Shamba lilikuwa pana, limezungushiwa ua wa mchongoma ili lisionekane kutoka njiani. Mle ndani alimkuta Nyati, bwana mkubwa mwenye pembe zilizopakwa mafuta, analima. Hawakusalimiana. Kila mmoja alimpa mwenzake mgongo, ndi, ndi, ndi, wakalima kana kwamba kila mmoja yuko peke yake duniani.

Alipofika tuta la tano jembe liligonga udongo mkavu. Akainama. Palikuwa na alama ya mguu, ya mwaka uliopita, imekauka na kuwa ngumu, pana kama ungo. Mguu kama huo katika nchi ile ulikuwa mmoja tu. Akaitazama kwa muda. Kumbe peponi kwenyewe ndiko huku. Mzee Tembo alilima hapa, akarudi nyumbani, akasimulia mawingu, na yeye Mama Kipusa akamfuata mguu kwa mguu.

Nyuma ya ua akasikia watoto wa Mama Ngiri wanapita, wamelowa, wanacheka. Mama Kipusa akajificha nyuma ya mpini wa jembe. Fikirieni, kifaru mzima nyuma ya mpini.

Mmoja wa wale watoto akachungulia penye tundu, akamwona Kipusa, akamuuliza, mama yako anafanya nini?

"Anachimba dawa," akajibu Kipusa. "Ya babu."

Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alilisema kwa upole, bila kutazama nyuma, kama mtu anayefunika chungu cha mwenzake. Mama Kipusa akahisi uso unamchoma mpaka ndani ya masikio. Na juu ya kilima, upande wa mashariki, wingu jeusi lilikuwa limeanza kuvimba.

Akamwendea Nguchiro, akamwomba amwachie aende, shamba ni kubwa na mvua inakuja.

"Ni rahisi sana," akasema Nguchiro, akila karanga. "Simama langoni mbele ya foleni, useme: mimi si mgeni, mimi ni mteja, nimelipa, natoka. Basi. Kitanda utakiacha na mlango wa ndani utauacha, lakini jembe nitalipokea. Miaka yote hii, hakuna aliyewahi kusema."

Sasa mnaona kilichomtajirisha yule mdogo. Hakuwa na nguvu za kumfunga kifaru wala nyati. Aliwafunga kwa kitu walichokuja nacho wenyewe.

Mama Kipusa akaenda langoni na mwanawe. Foleni ilikuwa ndefu, kutoka lango mpaka kijitoni. Karibu na mbele alikuwepo Mama Ngiri na watoto wake. Katikati alisimama Mzee Tembo, na wajukuu, na mkeka wa mabandani begani. Mama Kipusa akafungua kinywa, sauti ikatoka ndogo kama ya mbu.

"Sijasikia," akasema Nguchiro. "Waambie wale."

Akawatazama wale. Akarudi hatua moja nyuma. Upepo ukaleta harufu ya vumbi lililolowa.

Kipusa akamvuta mkono. "Mama, tusiende leo. Mwakani bado nitaingia." Alikuwa ameweka kiganja juu ya pembe yake, anaisukuma chini kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka. "Unaona? Inarudi."

Mama Kipusa akaliangusha jembe, pu. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kijitoni:

"Mimi si mgeni! Mimi ni mteja. Nimelipa kihenge kizima, na tangu asubuhi nalima shamba la Nguchiro!"

Ndipo kikazuka kicheko. Kilianzia kwa Mama Ngiri, kwi kwi kwi, kikaenda kwa pundamilia, kikaenda kwa swala, kikashuka mpaka kijitoni na kurudi. Mama Ngiri akajishika mbavu.

"Shoga yangu! Mimi kwangu jembe ninalo, tena la bure. Ungeniambia tu."

Wakacheka upya. Mzee Tembo peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mawingu. Na kutoka nyuma ya ua wa mchongoma likarushwa jembe la pili, likaanguka njiani, pu, na Nyati akatokea pembe zimejaa majani, akapita bila kumsalimu mtu. Nguchiro alipoona hivyo, fyuu, akaingia shimoni mwake. Kihenge nacho kilikuwa kimeshaingia humo zamani.

Mama Kipusa akatafuta mwisho wa foleni. Hakuuona. Tone moja likamwangukia mgongoni.

"Unakwenda wapi?" Mama Ngiri akamwita, bado anafuta machozi ya kicheko. "Lete mtoto hapa mbele. Wangu wameshaserereka mpaka matako yamekwisha rangi."

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti ile, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kicheko. Mama Kipusa akamsogeza Kipusa mbele. Hakuweza kusema ahsante. Tumbili akaweka kidole chake kando ya pembe, akafumba jicho moja, akapima. Kidole na pembe vilikuwa sawasawa. Akatazama mawingu, akamtazama mtoto, akasema wa mwisho huyu, tunafunga.

Kipusa akapanda. Watu wote wakainua nyuso kumtazama, wakamshangilia.

Mama Kipusa alisimama katikati yao. Alihisi macho yao hata yalipokuwa hayako kwake. Alitazama kwato zake, zilivyojaa udongo wa shamba la Nguchiro, akajaribu kuzifuta moja kwa nyingine, akafikiri watakavyosimulia huko nyumbani, nani ataanza, na watacheka wakifika neno gani.

Serereee.

Chubwi.

Mvua ikamwagika. Tumbili wakafunga lango kwa kamba. Watu wakakimbilia mabandani, na Kipusa akaja mbio, analowa, anameta udongo mwili mzima, hajawahi kuwa mzuri hivyo.

"Mama! Niliinua mikono yote miwili kule juu. Uliniona?"

Mama Kipusa akamfuta uso kwa ncha ya kanga. Alimfuta kwa muda mrefu kuliko ulivyodai udongo uliokuwepo.

"Nilikuona," akasema.

Usiku ule walilala mkekani, mgongo kwa mgongo na Mama Ngiri na watoto wake saba, na kweli giza lilikuwa lilelile. Hadithi yangu inaishia hapo kwenye mkeka; maana yake ni hii: atazamaye macho ya watu hamwoni mwanawe.