Majaribio ya Mwinyi Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na wakwe wa kuwaonea haya kama sisi. Mwaka mmoja jua liliwaka mpaka visima vikakauka. Maji yakabaki kwenye bwawa moja tu, nalo la nani? La Mwinyi Kiboko, bwana mwenye tumbo kubwa na roho ya korosho.

Siku moja akatangaza: "Namwoza binti yangu! Nataka wapiga ngoma. Njooni kwenye majaribio. Watakaofaulu watakunywa kwangu mpaka mvua inyeshe."

Weee! Wakaja mbio. Tumbiri na zumari yake, Kanga na manyanga, na Pimbi mdogo na ngoma iliyomzidi kimo. Pu! Pu! Chaka-chaka! Jamaa za Kiboko wakacheza mpaka jasho likawatoka. Jioni Kiboko akapiga mwayo.

"Mmejitahidi. Lakini haya yalikuwa majaribio tu. Rudini kesho."

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Siku ya nne Pimbi alirudi nyumbani akamkuta kitinda mimba wake amelala, midomo imepasuka kwa kiu. Pimbi akalia.

"Baba watoto," mkewe akasema, "hayo si majaribio. Hayo ni majaribu!"

Pimbi akafuta machozi. Akalitafuna lile neno. "Majaribio... majaribu... kujaribu... Hee! Mke wangu, kesho twende wote, na watoto!"

Siku ya tano ndiyo ilikuwa harusi yenyewe. Wakwe wa Kiboko walikuwa wamefika kutoka mto wa mbali, wakiongozwa na mama wa bwana harusi. Ngoma ikapigwa, ikapigwa! Ilipotulia, Kiboko akawanong'oneza wapigaji: "Haya nayo ni majaribio. Rudini kesho."

Pimbi akainama, akapaza sauti. "Shikamoo, Mwinyi!"

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mimi mshamba wa mawe, Kiswahili kinanipiga chenga. Neno majaribio maana yake nini hasa?"

Kiboko akavimba kichwa mbele ya wakwe. "Limetoka kwenye kujaribu, wewe! Ni kufanya jambo kabla ya jambo lenyewe. Ukijaribu, ni kama hujafanya. Hakuna anayehesabu!"

"Hata ukijaribu kutwa nzima?"

"Hata mwezi!"

"Ahsante, bwana. Jamani, mmesikia?"

Chubwi! Pimbi kaingia bwawani. Chubwi! Mkewe. Chubwi, chubwi! Watoto, Tumbiri, Kanga. Gu! Gu! Gu!

"Wezi!" Kiboko akanguruma. "Mnakunywa maji yangu!"

"Hatujanywa, bwana," Pimbi akajibu, ndevu zikichuruzika. "Tunajaribu tu. Haya ni majaribio ya kunywa, kama ulivyotuambia kuwa ngoma ya leo ni majaribio. Kunywa kwenyewe kesho."

Kiboko akafumbua kinywa amtafune. Pimbi hakukimbia. Ghafla mama wa bwana harusi akaangua kicheko. Kwa! Kwa! Kwa!

"Mkwe wangu, umesema mwenyewe, sote tumesikia. Kama hao hawajanywa, basi na ngoma ya harusi haijapigwa, na mwanangu hajaoa. Tufunge mizigo turudi kwetu?"

"La, la, mkwe! Ngoma imepigwa!"

"Imepigwa, au imejaribiwa?"

Kiboko akatazama chini. "Imepigwa," akasema. "Wamefaulu. Wote."

"Haya, waache wanywe."

Wakanywa sasa kunywa kwenyewe, kila siku, mpaka mvua ikanyesha. Na Pimbi, furaha ilimjaa hata akasahau ngoma yake huko harusini, mkewe akarudi kuichukua.

Nanyi wanangu, mkiitwa kwenye majaribio nendeni, tena kwa moyo wote, lakini ulizeni kwanza yanakwisha lini.