Machozi ya Kiti

"Kiti chenye mtu hakilii." Ndivyo alivyosema shangazi yenu Asumini leo asubuhi, alipokuwa kwenye simu na watu wa tiketi za ndege, nanyi mkacheka mkidhani anatania. Hakuwa anatania. Alibadilisha siku ya kusafiri, wakamtoza pesa ya kubadilisha, naye akawapa methali ya kwetu. Sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Kaeni basi. Shaweji, punguza hiyo redio.

Kwanza nawategea kitendawili. Humeza watu wazima, huwatapika ng'ambo wakiwa hai. Naam, Zaituni umewahi, ni ndege. Msidhani kila methali imetoka kwa watu wa zama za mishale. Hii imezaliwa na ndege, mimi nikiwa nimeshaolewa, na kisa chake ni hiki.

Kule kwetu Namkongo, masika yakikolea barabara ilikuwa inakatika miezi miwili, mitatu. Gari haliingii, halitoki. Njia pekee ilikuwa ndege ndogo ya abiria wanane, iliyotua kila Alhamisi kwenye kiwanja cha majani, nyuma ya ghala la korosho. Kwa kuwa ndege ilikuwa ndogo, kila abiria alipimwa uzito pamoja na mzigo wake kwenye mizani ileile ya kupimia magunia ya korosho. Unapanda pale watu wote wanakuangalia, karani anasoma kilo zako kwa sauti, anaziandika kwa chaki ubaoni. Wanawake wanene walikuwa wanaona haya kusafiri.

Karani huyo aliitwa Bwana Chipanda. Hakuwa mtu mbaya, hilo mlijue mapema. Alikuwa mtu wa kanuni. Sasa alikuwepo mfanyabiashara mmoja, Likwata, mwenye tabia ya kukata tiketi halafu siku ya safari haonekani. Alhamisi moja kiti chake kiliruka kitupu, na huku chini amebaki mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, ameambiwa ndege imejaa. Yule mwanamke alifia palepale Namkongo. Baada ya hapo ofisi ya Dar es Salaam ikaleta amri: anayebadilisha siku yake alipe nusu ya nauli juu ya tiketi aliyonayo. Bwana Chipanda akatuita, akatueleza, "Kiti kikiruka kitupu kinalia. Aliyekiliza ndiye akifute machozi."

Hakuna aliyepinga. Tulikuwa bado na uchungu wa yule marehemu, tukaona ni haki, na kweli ilikuwa haki. Malipo yale tukayaita machozi ya kiti.

Jirani yangu Somoe alikuwa na binti mmoja tu, Esha, wa miaka mitatu. Siku moja wanawake walikuwa wanakaanga korosho uani, yale mafuta makali ya maganda yakamrukia mtoto machoni, macho yote mawili. Tulimwosha kwa maji mengi, akapelekwa zahanati, akatiwa dawa. Baada ya siku chache ukatanda ukungu. Mganga wa zahanati akamwambia Somoe, "Mama, mimi hapa nimefika mwisho. Mpeleke Dar kwa daktari wa macho, na usichelewe. Ukungu huu ukikaa unakuwa kovu, na kovu haliondoki."

Mumewe akauza baiskeli, wakakata tiketi ya Alhamisi. Mtoto angepakatwa, kwa hiyo kiti kilikuwa kimoja.

Jumatano, mama mkwe wa Somoe akafariki. Mnajua desturi yetu. Mke wa mtoto wa kwanza ndiye huosha vyombo vya matanga mpaka hitima ya siku ya tatu. Akiondoka kabla, inasemwa amemtupa marehemu. Wakwe zake wakamwambia, "Mtoto atangoja, maiti hangoji." Somoe akalia, akatii. Jioni ileile akatuma mtu kwa Bwana Chipanda kumwambia kwamba kesho hatasafiri, ataondoka wiki ijayo. Wiki ile ya kwanza ilichukuliwa na desturi, siwafichi.

Alhamisi ya pili akafika kiwanjani na Esha mgongoni. Bwana Chipanda akamwambia, "Pole kwa msiba, Mama Esha. Lakini kuna machozi ya kiti."

"Bwana Chipanda, nilikuwa na matanga."

"Najua. Hata mimi nilikuja kuzika. Lakini sheria haina macho."

Akalisema hilo na mtoto yupo mbele yake, amefumba macho kwa ajili ya mwanga. Sidhani kama alijisikia alivyosema.

Somoe hakubishana. Alijua habari ya yule mwanamke aliyeachwa, akaona moyoni mwake: kiti changu kimeruka kitupu, pengine na mimi kuna mtu nimemwacha chini. Akageuka akarudi nyumbani. Wiki nzima akahangaika. Akauza kuku, akauza mikeka miwili aliyosuka kwa ajili ya arobaini ya mkwewe, mimi nikamwongezea kidogo niliyokuwa nayo. Na kila siku ukungu ulizidi kuwa mweupe.

Alhamisi ya tatu akalipa. Bwana Chipanda akahesabu, akatia mhuri, akamwambia apande mizani. Wauza mihogo wakaanza utani wao, "Somoe, kohoa kwanza, zipungue kilo." Hakucheka.

Wakati huo ndege ilikuwa imetua na abiria wa kutoka Dar wanashuka. Akashuka Mchekenje, fundi wa mashine ya kukoboa, akamwona Somoe juu ya mizani, akamjia mbio mikono mbele.

"Shemeji, nilisema nikirudi nikutafute nyumbani, kumbe Mungu amenirahisishia. Ahsante sana."

"Ahsante ya nini, fundi?"

"Ya kiti. Alhamisi ile ya msiba wenu nilikuja hapa alfajiri bila tiketi, nina barua ya kaka yangu yuko mahututi. Karani akaniambia, una bahati, mkwe wa marehemu hasafiri, lete nauli ukae pake. Nimemkuta kaka bado anasema. Tumeagana vizuri."

Somoe akashuka kwenye mizani taratibu, mtoto begani.

"Bwana Chipanda, Alhamisi ile kiti changu kiliruka na mtu?"

"Kiliruka na mtu."

"Alilipa nusu?"

"Alilipa nauli kamili."

"Na mimi yangu kamili mlikuwa nayo."

"Ndiyo."

"Sasa kiti kililia nini?"

Bwana Chipanda akatazama ubao wake. "Mama Esha, amri inasema anayebadilisha siku alipe. Haisemi kwamba kiti..."

"Sikuulizi amri. Ulituita hapa ukatwambia kwa mdomo wako kiti kitupu kinalia, tukakubali. Wiki iliyopita ungeniambia fundi amekikalia, ningekuwa nimeshafika. Mimi nimeuza mikeka ya marehemu nikifuta machozi ambayo hayapo." Kisha akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe, "Kiti chenye mtu hakilii, Bwana Chipanda."

Rubani akapiga kelele kwamba wingu linakuja, waingie. Somoe akapanda na mwanawe.

Daktari wa macho wa Dar alimpima Esha siku hiyohiyo. Akasema jicho la kushoto litapona kiasi, atasoma, atapika, ataona njia. La kulia limeshapata kovu. Somoe akauliza kama angefika wiki moja nyuma. Daktari alikuwa mkweli, akasema wiki moja nyuma yangepona yote mawili.

Waliporudi Namkongo, Bwana Chipanda alikuja nyumbani kwa Somoe. Nilikuwepo, tunachambua mchele. Akakaa jamvini, akatoa pesa zilizofungwa kwenye karatasi.

"Dada, nimeandika barua ofisini. Wakati wanafikiria, nimeona nikurudishie kutoka mfukoni mwangu. Hii ni ile pesa ya kiti."

Esha alikuwa anataka kikombe cha uji kilichokuwa kuliani kwake. Alipapasa jamvi, mkono ukapita pembeni, akapapasa tena mpaka akakigusa. Bwana Chipanda alimwangalia mpaka mwisho.

Somoe akapokea ile karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu. "Ahsante. Hii ni ya kiti. Ya jicho umekuja nayo?"

Karani akainamisha kichwa, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Tangu siku hiyo, aliyebadilisha safari Namkongo hakutozwa papo hapo. Bwana Chipanda alisubiri ndege iruke, ndipo anaangalia ubaoni. Kiti kikiwa kimeruka kitupu, ulilipa, na hata ukinung'unika hakukusikiliza. Kikiwa na mtu, alikuandikia siku nyingine bila senti. Wageni waliomuuliza kwa nini, hakuwasomea amri yoyote. Aliwaambia yale maneno ya Somoe, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejisifu.

Kwa hiyo mkiliza kiti, wajukuu zangu, kifuteni machozi, msitafute pa kujificha. Lakini mkidaiwa machozi, ulizeni kwanza ni nani aliyekaa pale. Kiti chenye mtu hakilii.