Mwalimu wa Honi Aliyepinda Mdomo

Wapendwa, naomba niwasimulie mfano. Watu wake nimewapa majina ili tusipotezane njiani, lakini msianze kunong'onezana kwamba ni ushirika gani. Ni mfano.

Kulikuwa na mwalimu wa bendi ya matarumbeta kanisani, aliitwa Mwalimu Ambwene. Yeye alipiga honi. Sisemi honi ya gari, vijana msicheke. Nasema lile tarumbeta lililojiviringa, ambalo mdomo wake mpana unatazama nyuma, na mpigaji anaingiza mkono wa kulia humo ndani. Honi ni ngumu. Vidole vinaweza kutulia palepale, na bado zikatoka noti tano tofauti, maana kinachochagua ni midomo. Ukilegeza kidogo tu, umeangukia noti ya jirani, na kanisa zima limekusikia.

Kwa miaka ishirini na tano Mwalimu Ambwene hakuangukia kwa jirani. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumsikia asubuhi ya Pasaka, bendi inapopiga makaburini.

Alifundisha pia. Wanafunzi wawili, Lusekelo na Ipyana, walikuwa na kipaji cha kuzaliwa: ukiwawekea honi mdomoni, inaimba. Na alikuwepo binti mmoja, Tupokigwe, fundi cherehani. Huyu alihangaika. Alifika mazoezini wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na bado honi yake ililia kama ndama aliyepotelewa na mama. Miaka mitatu! Mwaka wa tatu, Sikukuu ya Mavuno, alipewa noti nne peke yake. Nne tu. Ya kwanza ikapasuka, ya pili ikafuata, nyingine hazikutoka kabisa.

Mwalimu Ambwene alisimama mbele ya bendi nzima, akamnyang'anya honi.

"Mwanangu," alisema, "Mungu hakukupa midomo ya honi. Nenda kwaya."

Ndugu zangu, mmesikia alivyolitumia jina la Mungu pale? Nani alikuwa amemtuma?

Tupokigwe alitii. Alikwenda kwaya, akaimba sauti ya pili, akaolewa, akazaa. Kila Jumapili alimsalimia Mwalimu kwa heshima, naye Mwalimu aliitikia huku akitazama pengine.

Miaka tisa ikapita. Asubuhi moja Mwalimu Ambwene aliketi kunywa chai, chai ikamtoka pembeni mwa mdomo na kulowesha shati. Mkewe alimtazama, akaweka sufuria chini. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umelala. Jicho halifumbi, shavu halipandi, mdomo umepinda. Hospitali walimwambia ni mshipa wa uso uliopooza, kwamba wengi hupona lakini kwa muda mrefu, na wengine hawaponi sawasawa. Mikono yake ilikuwa mizima. Pumzi ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kile kipande cha nyama alichokitegemea kuliko mwili wote.

Alijifungia ndani. Akitembelewa, aliziba mdomo kwa leso.

Wale wanafunzi wawili walikuja. Walimpenda kweli. Walimtia moyo, wakaomba naye, wakamwekea honi mikononi. Lusekelo akasema, "Mwalimu, weka tu midomo halafu puliza. Itakuja yenyewe."

Haikuja. Ilitoka hewa na mate. Ipyana alijaribu kueleza yeye anafanyaje midomo yake, akaanza sentensi mara tatu, akashindwa. Hakuwahi kujua anafanyaje. Kwake ilikuja tu. Waliondoka wakifuta machozi, na Mwalimu akamwambia mkewe aifungie honi kabatini.

Ilikuwa wiki ya tatu baada ya hapo Tupokigwe alipopiga hodi. Mke wa Mwalimu alimkaribisha. Mwalimu alipomwona, leso ikapanda usoni haraka.

"Umekuja kuniona nilivyo sasa?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja na kioo."

Na kweli alikuwa amebeba kile kioo cha dukani kwake ambacho wateja hujitazamia. Alikiegemeza mezani, akamwomba mama honi. Mwalimu alikataa, akakataa tena, halafu kwa hasira akaichukua na kupuliza ili binti asikie, aridhike, aende zake. Ililia kama ndama.

"Umesikia?" alisema, na machozi yanamtoka katika lile jicho lisilofumba. "Hiyo ndiyo sauti yangu sasa."

"Mwalimu, hiyo sauti naijua," Tupokigwe alisema. "Nimeishi nayo miaka mitatu. Samahani, naomba nikuguse." Akaweka kidole taratibu kwenye pembe ya mdomo uliolala, akaushikilia. "Upepo unatorokea hapa. Wangu nao ulikuwa unatorokea hapahapa. Sasa usipulize kwa nguvu. Weka honi chini. Anza kwa midomo mitupu, utazame kwenye kioo."

Mwalimu akatazama. Ilikuwa mara ya kwanza kujitazama tangu siku ya ile chai. Alipuliza, kidole cha mwanamke yule kikiwa kimeziba pale palipovuja, na midomo ikatetemeka. Kidogo, kama nyuki ndani ya chupa. Mkewe aliyekuwa mlangoni akajifunika uso kwa kanga.

"Nani alikufundisha haya?" Mwalimu aliuliza.

"Nilijitafutia mwenyewe, nyumbani, mbele ya kioo. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nipate."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, Mwalimu?"

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana ilimwingia.

Tupokigwe alikuja kila Jumanne na Ijumaa baada ya kufunga duka. Midomo mitupu kwanza. Kisha noti moja ya chini, ndefu, mpaka pumzi iishe. Ikipasuka, hakushtuka, wala hakumsifu kwa uongo. Alisema tu, "Hii najua inapotokea," akamwonyesha. Baada ya miezi saba shavu lilianza kupanda, na Mwalimu akatoa noti nne zilizonyooka. Za juu hazikurudi. Hazijarudi hata leo.

Jumamosi moja alikwenda mazoezini. Bendi nzima ikasimama, ikapiga makofi, ikamsogezea kiti chake cha mbele. Hakuketi.

"Mwalimu wa honi wa bendi hii ni Tupokigwe," alisema, na maneno yakimtoka upande mmoja. "Mimi niandikeni mwanafunzi. Na mnikumbushe majina ya wote niliowaambia hawana midomo."

Wakamkumbusha. Walikuwa kumi na mmoja. Aliwafuata mmoja mmoja kuwaomba radhi, kwa miguu, bila leso. Wengine walilia, wengine walicheka na kumkaribisha chakula. Mmoja alisikiliza akiwa mlangoni, kisha akamfungia mlango. Mwalimu alisimama nje pale muda mrefu, kisha akaenda nyumba iliyofuata.

Sasa, wapendwa. Naona nyuso zenu. Kila mmoja wetu amekwisha kujiweka katika mfano huu, na karibu wote tumejiweka kwa Tupokigwe. Tunajihurumia. Tunasema, kweli, na mimi nilidharauliwa, lakini Mungu ananiona.

Nawaomba tuhame pale. Sisi ni Mwalimu Ambwene.

Ni sisi tuliomwambia mtoto wetu, wewe huna akili, mfuate dada yako. Ni sisi tuliomwambia yule mama aliyesahau maneno ya sala mbele ya watu, kaa chini, tupishe wanaojua. Tukamtaja na Mungu juu yake, kana kwamba alituachia sisi kazi ya kugawa midomo. Na wale tuliowapenda kwa wepesi wao, siku yetu mbaya watakuja na kulia na sisi, nasi tutawashukuru. Lakini anayejua mahali tunapovuja ni yule aliyewahi kuvuja, tukamtoa nje. Mungu hakumtoa. Alikuwa anamfundisha huku tukitazama pengine. Tena alimfundisha kwa ajili yetu.

Atakuja? Tupokigwe alikuja. Hakulazimika.

Kwa hiyo leo sitawaambia mfumbe macho. Yafumbueni. Yupo mtu humu ndani, pengine benchi la nyuma yako, ambaye uliamua zamani kwamba hafai. Jina lake limekwisha kukujia, unajaribu kulifukuza. Usilifukuze. Ibada ikiisha, nenda kwake kabla hujaenda nyumbani kwako. Na akikufungia mlango, usikasirike. Simama pale nje kidogo, upate kujua yeye amesimama nje ya mlango wako miaka mingapi.