Timazi Haimjui Mwenye Ukuta

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wadi Sidri, uliokuwa kwenye njia ya misafara ya mahujaji, palikuwa na mwashi mcha Mungu aliyeitwa Hazim. Ndiye aliyeujenga msikiti wa mji ule, tangu msingi hadi mnara, na hakupokea ujira wowote ila chakula cha mchana. Alipofariki dunia watu waliuita Msikiti wa Hazim, na wakipita mlangoni humwombea rehema.

Hazim hakuacha shamba wala ngamia. Alimwachia mwanawe Mundhir timazi, kile kipande cha risasi kilichofungwa uzini, ambacho mwashi hukining'iniza ajue kama ukuta umesimama wima au umelala. Akamwachia na neno moja alilokuwa akimwambia tangu utotoni: "Mwanangu, timazi haimjui mwenye ukuta." Wala hakuwa mtu wa maneno matupu, mzee yule. Aliwahi kubomoa ukuta aliomjengea ndugu yake wa tumbo moja, ukuta umekwisha fika kifuani, kwa kasoro ya unene wa kidole. Ndugu yake alinuna mwezi mzima. Hazim akaujenga upya, naye amefunga.

Ikapita miaka saba tangu mauti yake. Waumini wakaongezeka, msikiti ukawa hautoshi, na imamu wao, Sheikh Safwan, akamwomba Mundhir aupanue. Mundhir alikuwa amejifunza elimu ya falaki kwa mwanachuoni mmoja msafiri. Kabla ya kuchimba msingi akasimika kijiti uani, apime kibla kwa kivuli cha jua, kwa kutaka tu kujiridhisha. Alichokiona kilimkausha mate. Akapima siku saba. Akapima siku saba nyingine. Jibu likawa lile lile: mihrabu imekwenda kombo, na si kwa unene wa kidole. Aliyesimama mbele yake alipaswa kugeuza bega zima la kulia ndipo aelekee Makka.

Lo! Mtu atalisema wapi jambo kama hilo?

Hapo ndipo raha ilipomtoka. Sheikh alipomuuliza, "Kazi inaanza lini?" alimjibu kwamba mawe hayajafika, na mawe yamerundikwa nje, kila mtu anayaona. Wiki iliyofuata akasema ardhi ina unyevu, na mvua haijanyesha tangu mwaka jana. Akikoroga chokaa aliiacha ikauka. Akikaa huinuka, akiinuka hajui aendako. Msikitini aliswali jamaa pamoja na watu, ameelekea walikoelekea, kisha hukimbilia nyumbani akairudia swala ile ile huku amegeuza bega. Swala tano zikawa kumi, na hata moja haikumtuliza. "Nikisema, nimemfedhehesha baba yangu kaburini," alijiambia. "Nikinyamaza, nitamjibu nini Mola wangu?" Akanyamaza, naam, huku akijiahidi kila siku kwamba kesho atasema.

Mkewe alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Nyumbani walikaa wawili, yeye na binti yake Lubaba, mtoto wa miaka minane, na mara kwa mara dada yake Mundhir, Bi Atika, huja kuwatazama. Alasiri moja Mundhir aliingia akamkuta Lubaba ametandika mkeka anaswali. Amegeuza bega la kulia. Akamsubiri atoe salamu.

"Lubaba, mama, mbona umegeuka?"

"Nimeswali kama unavyoswali wewe, baba."

"Lakini jana, shangazi yako alipokuwapo, uliswali umeelekea kama yeye."

"Si na wewe ulifanya hivyo hivyo?" akasema mtoto. "Watu wakiwapo tunaelekea kule, wakiondoka tunaelekea huku. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Alisema bila inda yoyote, akaanza kukunja mkeka wake. Mundhir akakaa chini. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Baba yake alimrithisha timazi, na yeye, subhanallah, anamrithisha mwanawe nyuso mbili! Na mtoto keshazishika vizuri.

Akaitungua timazi kwenye kigingi, akaenda kwanza kwa dada yake, kwa kuwa marehemu ni baba yao wote. Bi Atika alimsikiliza hadi mwisho, kisha akajishika kichwa.

"Una wazimu wewe? Watu wanamwombea baba rehema kila wakipita pale mlangoni. Unataka sasa wapite wakicheka?"

"Dada, baba aliubomoa ukuta wa ami yetu."

"Ule ulikuwa ukuta, Mundhir! Hili ni jina lake!"

Mundhir alitoka na machozi yake, na sauti ya dada yake ikimfuata hadi njiani: ukisema, usinijue tena. Wala hakungoja Ijumaa, maana alijijua. Angengoja, angepata udhuru mwingine. Waumini walipokusanyika kwa swala ya Magharibi, kabla ya kukimiwa, akasimama mbele ya safu ya kwanza, timazi mkononi.

"Ndugu zangu," akasema, "mihrabu hii haielekei kibla. Aliyeijenga ni baba yangu, naye alijitahidi kwa kadiri ya elimu yake. Aliyejua akanyamaza siku arubaini ni mimi. Yeye ana udhuru. Mimi sina."

Msikiti ukavuma. Mzee mmoja akapaza sauti, "Miaka ishirini na mitatu tumeswali kombo? Nani atatulipa swala zetu?" Mwingine akasema, "Mtazameni, anamvua nguo baba yake mzazi!" Wapo waliochukua viatu vyao wakaondoka. Mundhir alisimama pale pale.

Sheikh Safwan akainua mkono wakanyamaza. "Umepima mara ngapi?" akamuuliza.

"Siku saba, Sheikh, kisha siku saba nyingine."

Sheikh akawageukia waumini. Kisha akasema, "Swala zetu zilizopita tulizisimamisha kwa kujitahidi, na Mola wetu hamkalifishi mtu kwa asilolijua. Na Hazim, inshallah, ana ujira wa mwenye kujitahidi. Lakini sasa tumekwisha jua." Akaigeukia mihrabu, akageuza bega lake la kulia. Nyuma yake safu zikageuka moja moja, mikeka ikiburuzwa sakafuni, wengine kwa moyo na wengine kwa manung'uniko. Tangu apime kibla, hiyo ndiyo swala ya kwanza aliyoiswali Mundhir mara moja tu.

Asubuhi yake aliivunja mihrabu kwa nyundo yake mwenyewe. Hakutaka msaidizi. Mawe yale aliyajua, mengine aliyabeba mwenyewe akiwa kijana huku baba yake akimwimbia ili asichoke, na alilia akiyang'oa bila kujificha. Wenye midomo yao hawakukosekana. Walikuwapo walioubandika msikiti jina la Msikiti wa Kombo, na jina lile lilidumu miezi. Bi Atika naye alitimiza neno lake, hakukanyaga tena nyumbani kwa ndugu yake.

Hadi ulipoandama mwezi wa Ramadhani. Siku ya tatu alikuja na bakuli la uji, kwa ajili ya mtoto, alisema, si kwa ajili ya mtu mwingine. Wakati wa swala ulipoingia akatandika mkeka wake palepale pa zamani, ameelekea kule kule alikoelekea maisha yake yote, huku akimtazama kaka yake kwa ukali. Lubaba akatandika wa kwake ubavuni mwake, akaugeuza.

"Nani aliyekufundisha kuelekea huko?" akauliza Bi Atika, maneno ya kumchamba Mundhir yako tayari ulimini.

"Babu," akasema mtoto.

"Babu! Babu yako alikufa hujajua hata kutembea."

"Ndiyo, shangazi. Lakini aliacha neno, na baba amenipa: timazi haimjui mwenye ukuta."

Bi Atika aliitazama ile timazi ya baba yake pale kigingini, na uzi wake uliochakaa kwa vidole vya mzee. Kisha akainama, akaushika mkeka wake pembe mbili, akaugeuza ukalingana na wa mtoto. Mundhir akasimama mbele yao, akakimu.

Enyi wenzangu wenye watoto, haya ndiyo waliyotuachia wema waliopita. Usia tunaoutoa kwa ulimi watoto huusikia, na Mwenyezi Mungu akipenda huukumbuka. Lakini wanatutazama pia, na hawachagui siku ya kututazama. Basi kabla hujaketi kumuusia mwanao, jiulize kwanza: watu wakiondoka, mimi huelekea wapi?