Mafuta ya Somoe

Wema usiouliza hukwamisha bunduki. Mmemsikia jirani akimwambia hivyo binti yake, nanyi mkaja kuniuliza bunduki imeingiaje katika mambo ya wema. Iliingia hivi.

Kabla ya alfajiri, katika nyumba moja karibu na Mto Ruvuma, kifuniko cha mkebe wa mafuta kilikuwa kikilia ko, taratibu, ili asiamke mtu. Aliyekifungua alikuwa Somoe, mke wa Mtalika.

Mtalika na rafiki yake Kalembo walikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Walikuwa na bunduki moja ya zamani, ile ambayo ukishafyatua unavuta komeo kwa mkono ili ganda la risasi litoke na risasi nyingine iingie. Kulala, ililala kwa Mtalika. Kusafishwa, ilisafishwa na Kalembo kila Ijumaa.

Masika yale Somoe alimsikia mumewe akilalamikia kutu. Mama yake Somoe alikuwa akipaka mipini ya majembe mafuta ya ufuta, nayo ikadumu. Basi akawa anaamka kwanza, anaipaka bunduki ndani na nje, kisha anairudisha ukutani. Hakumwambia mtu. Aliona raha kumfanyia mumewe jambo asilolijua.

Mahindi yalipokomaa, tembo waliingia shambani mchana kweupe. Mtalika akafyatua hewani, wakageuka wote, isipokuwa jike mmoja mwenye mtoto. Huyo akamjia. Mtalika akavuta komeo. Komeo likaja, ganda likabaki ndani. Akalirudisha, akavuta tena. Wapi. Kalembo alikuwa na debe tu la kupigia kelele, na njia ya kukimbilia ilikuwa wazi nyuma yake. Hakuifuata. Alimwendea tembo akipiga debe, akamvuta upande wake. Tembo akamtupa kwa mkonga, akamvunja nyonga, kisha akawafuata wenzake.

Siku mbili Mtalika alitafuta ubovu. Aliligonga ganda kwa ufito wa chuma likatoka. Akadhani risasi zimezeeka, akajaribu mpya. Ikafyatuka vizuri, ganda likakwama vilevile. Akajaribu za boksi jingine, mambo yakawa yale yale.

"Basi si risasi," alimwambia mkewe bila kumtazama. "Ni usafi. Kalembo amenidanganya Ijumaa zote hizi."

Kijiji kikamwondoa Kalembo kazini akiwa bado kitandani. Alisema mara moja tu kwamba alisafisha, kisha akachukuliwa na dada yake, akaenda kuuguzwa ng'ambo ya bonde.

Baada ya wiki tatu alikuja fundi wa bunduki. Alilifungua komeo juu ya mkeka, Somoe akamletea uji. Fundi akachokonoa kwa sindano chini ya kijino kinacholing'ata ganda na kulivuta nje. Kikatoka kitu cha manjano kama gundi, kimeshikana na vumbi. Akakinusa.

"Mama, hapa mnakula ufuta?"

"Tunakula."

"Na bunduki nayo mnailisha?" Fundi alitabasamu. "Mafuta ya chakula yakikaa yanaganda. Kijino kimelala, hakishiki kitu. Na mtu anaweza kusafisha kila Ijumaa asiione gundi hii, mpaka afungue hivi."

Mtalika akaanza kusema kwamba Kalembo hajawahi kulima ufuta, basi mafuta hayo aliyatoa wapi. Hakumaliza, maana aliona mkewe amekaa chini.

"Ni mimi, baba Zuhura. Niliona unahangaika na kutu."

"Mbona hukuniuliza?"

Fundi, mtu mwema yule, akainamia kazi yake kama asiyesikia.

Somoe alisimama mkutanoni akasema yote mbele ya kijiji. Wazee wakatuma ujumbe wa kumwomba Kalembo radhi. Lakini kazi ilikuwa imeshapewa mwingine, na nyonga haikurudi kama zamani.

Kisha Somoe akaenda kwake mwenyewe, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Dada yake Kalembo alimjua ni nani, hata hivyo alimletea maji ya kunawa na chakula kabla ya kumuuliza neno. Kalembo alikuwa ameketi kwenye kigoda, magongo yake pembeni. Alimsikiliza Somoe mpaka mwisho.

"Kumbe, shemeji," akasema. "Kila Ijumaa niliikuta inang'aa, nikadhani ni Mtalika. Hata mimi sikuuliza."

Somoe akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Wema usiouliza hukwamisha bunduki," alisema, "na anayevunjika ni mwingine." Maneno hayo aliwaambia mabinti wote aliowalea baadaye. Watu wameshika nusu ya kwanza tu.

Jua lilipoanza kushuka aliaga. Kalembo hakusema kwamba amesamehe, wala hakusema kwamba hakusamehe. Alijikongoja kwa magongo yake mpaka mlangoni kumsindikiza.

"Uje tena, shemeji," alisema. "Mtalika akiona haya, uje wewe."