Kamba za Daraja la Bibi Kobe

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa, nyika ikakauka, na wanyama wakawa wanalala na njaa. Kilichobaki kizima ni wakfu wa marehemu Bibi Kobe: daraja la kuvukia korongo, na ng'ambo yake ukumbi walimokutana wote kwa shida na raha. Daraja lilifungwa kwa kamba za ngozi. Kila mwaka kila ukoo ulitoa ngozi moja, na msimamizi akazikata na kulifunga upya.

Msimamizi alikuwa Fisi. Mfalme Simba alimchagua kwa sababu kwenye mazishi ya Bibi Kobe alilia kuwashinda wafiwa.

Fisi aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Ngozi za mwaka ule zilipoletwa, alizinusa akameza mate. "Msimamizi mwema hukagua," alijiambia, akakagua moja kwa meno. Lo, tamu! Ukaguzi ulipokwisha, ngozi nazo zilikuwa zimekwisha. Kisha akazikumbuka zile kuukuu za darajani, akaona ni dhambi kuziacha hivi hivi. Mahali pake akafunga maganda ya migomba aliyoyasokota, akayapaka tope yafanane na ngozi.

Sungura, mjanja wa nyika ile, akamkazia macho tumboni. "Bwana Msimamizi, wenzako tumebaki mifupa. Mwenzetu unakula wapi?"

"Kujitolea kunanenepesha, mdogo wangu."

Sungura akaenda darajani, akakwaruza tope kwa ukucha, kisha akaenda moja kwa moja kwa Simba. "Mheshimiwa, mtumishi huyu hatujamshukuru. Tumfanyie karamu ukumbini. Naye, kama desturi ya daraja jipya, avuke wa kwanza."

Simba alipenda sana kuhutubia, kwa hiyo alikubali papo hapo. Akatoa paja zima la nyati, Sungura akalizungusha kwa njia ndefu hadi ukumbini.

Siku ya karamu harufu ya nyama choma ilivuka korongo yenyewe. Fisi alisimama ukingoni. Akisema ukweli, cheo kimekwenda. Akivuka, huenda akaenda yeye.

"Mguu unaniuma, Mheshimiwa," alisema. "Tangulia wewe."

"Vyema," akasema Simba. "Nitangulie, na paja nilianze mimi."

Nilianze mimi! Fisi hakungoja zaidi. Alikurupuka mbio, akafika katikati, na kamba zikakatika zote. Daraja la Bibi Kobe likaenda chini pamoja naye. Wanyama wakashika vichwa kwa uchungu, na Simba akaisahau hotuba yake.

Kutoka kwenye tope la mto uliokuwa ukikauka chini ya korongo, lililomfika shingoni, Fisi akapiga kelele: "Nitupieni kamba! Ya ngozi, jamani, siyo nyingine!"

"Za ngozi zote unazo huko huko chini," Sungura akamjibu.

Ikatafutwa kamba, ikapatikana ya migomba, moja ya zile alizosokota Fisi mwenyewe. Kila walipomvuta ilikatika, na kila ilipokatika Fisi alirudi topeni akimtukana aliyeisokota.