Guguna, Dudu Mla Dhahabu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Fisi bado alikuwa akinawa mikono kabla ya kula, alikuwa sonara. Ndiyo, Fisi! Msicheke, hata mimi nilishangaa. Na kitu alichokipenda kuliko mifupa ni kuamkiwa. Ukimpa shikamoo, anaachama kinywa chote: "Marahabaaaa!"

Basi Bi Swala akampelekea mkufu wa dhahabu auunge, maana binti yake anaolewa Ijumaa. Alipoufuata, Fisi akajishika kichwa.

"Ole wangu, Bi Swala! Mkufu umeliwa!"

"Umeliwa? Na nani?"

"Na Guguna. Dudu hilo nyasi haligusi, nyama haligusi, ni dhahabu tu. Hulijui?"

Bi Swala alilia hadi akapaliwa. "Mwanangu atatokaje shingo tupu, na marehemu bibi yake alimwachia huo huo mmoja?"

Jirani yake Pimbi, kadogo kale kasiko hata na mkia, akamsikia. "Nyamaza, dada. Twende kwa Fisi. Wewe simama mlangoni, mimi nina kazi nyuma ya nyumba."

Fisi yuko ndani, amejinyoosha, mara akasikia ukutani: krrr, krrr, krrr!

"Nani huyo?"

"Mimi Guguna," ikajibu sauti nyembamba. "Nasikia harufu ya mkufu."

Fisi akaduwaa. Guguna? Si amemtunga yeye mwenyewe, tena asubuhi hii hii, hata uji hajanywa?

"Wewe hupo, bwana!"

"Sipo, lakini nina njaa. Krrr!"

Kichwa kikamzunguka. Kama hayupo, mbona anajibu? Na kama yupo, si mkufu ungekuwa umeliwa kweli? Akafukua jivu alikouficha. Upo! Sasa hapo mwongo nani?

"Jivu halinizuii," sauti ikasema. "Kinachonishinda ni mate ya fisi tu. Yananuka, mama yangu!"

Fisi hakungoja. Mkufu wote, bwakuu, mdomoni! Akafumba, akatoka mbio.

Mlangoni, Bi Swala huyo. Na Pimbi naye anatokea nyuma ya nyumba, masharubu yamejaa vumbi la ukuta.

"Bwana Fisi, mkufu wangu haujaonekana?"

"Mm-mm."

Pimbi akainama kwa heshima zote. "Shikamoo, mzee wetu, sonara wa masonara!"

Fisi akabana meno. Macho yakamtoka. Hajawahi kuamkiwa vizuri namna ile tangu azaliwe. Akajizuia, akajizuia, wapi!

"Marahabaaaa!"

Chwaa! Mkufu ukaanguka miguuni pa Bi Swala, umelowa mate lakini mzima.

"Lo!" Pimbi akasema. "Kumbe Guguna ana madoa!"

Ijumaa bibi harusi alitoka shingo inang'aa, na hakuna aliyemwambia mkufu ulipitia wapi. Fisi hakwenda kula pilau. Alikuwa kwake, ameegemeza sikio ukutani, anauliza: "Guguna? Upo?"

Basi wanangu, ukitunga uongo, usishangae siku ukikubishia hodi.